Mkaa unaungua Dar, lawama inabaki Kilosa: tupime mkoa kwa unachotumia

#1 Mzee wa Vipimo

Wakuu, salaam.

Msitu ukipungua Kilosa, mkoani Morogoro, hesabu inaandikwa Kilosa. Ukipungua Rufiji, inaandikwa Pwani, na viongozi wa huko ndio wanaoulizwa walikuwa wapi. Lakini mkaa uliotokana na miti hiyo umepikia wali Dar, kwenye mitaa ya Manzese, Mbagala na Tegeta. Mtu wa Tegeta haulizwi chochote.

Hoja yangu: kila mkoa upimwe kwa kile unachotumia, popote kilikotoka. Huo ndio unyayo wa mazingira wa mkoa. Hesabu hiyo ndiyo iamue nani alipe, nani asaidiwe na marufuku iwekwe wapi. Sasa hivi tunamfukuza mchoma mkaa porini na kumwacha mnunuzi mjini akisubiri gunia jingine.

Naanza na Dar kwa sababu takwimu zake hazifichiki. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2009 ilikadiria nchi nzima inatumia mkaa wa tani milioni 1 hivi kwa mwaka, na karibu nusu yake inaishia Dar. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar kati ya 61,741,120 wa nchi nzima. Hata mmoja kati ya kumi hawafiki, lakini mkaa wanachukua nusu.

Karibuni. Anayepinga aje na hesabu.

#2 Mtoto wa Tandale

Kwa hiyo wa Dar tule makande mabichi? Nyie wa mikoani mnatuuzia mkaa, hela mnapokea, halafu mnarudi kutudai na miti!

Hoja yenyewe ina uzito lakini. Nakaa hapa nisome.

#3 Binti Kilosa

Mzee wa Vipimo, nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine nakataa.

Sisi Kilosa tulianza mkaa wa mpango tangu mradi wa 2012 wa TFCG na MJUMITA, mashirika ya kuhifadhi misitu. Msitu wa kijiji unapimwa, sehemu ndogo tu inatengwa kwa mkaa, inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Unakata kitalu kimoja, cha jirani yake unakiacha, ukitazama ramani ni kama ubao wa drafti. Kilichokatwa kinapumzika miaka 24. Miti ya miombo huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi, ukiwazuia ng'ombe na moto msitu unarudi wenyewe. Ushuru unabaki kijijini. Kuna vijiji vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha hiyo, na watu wanaulinda msitu kwa sababu unawalipa.

Sasa kipimo chako kikija kuhesabu kila gunia linaloingia Dar kama msiba, mkaa wetu na wa mtu aliyevamia hifadhi usiku vinakuwa kitu kimoja. Aliyepanga anaonewa. Kabla ya kuuliza magunia mangapi, uliza yametoka kwenye msitu wa namna gani.

#4 Hesabu Kwanza

Tuweke tarakimu kidogo.

Tani 500,000 za mkaa zinatokana na kuni kiasi gani? Tanuri la asili la udongo hutoa mkaa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa kuni kavu. Kwa asilimia 10 unahitaji tani milioni 5 za kuni. Kwa 20 ni milioni 2.5. Watu ni walewale, sufuria zilezile, ila ufundi wa tanuri peke yake umelifanya jibu kuwa mara mbili.

Kwa hiyo mtu akikuletea unyayo wa Dar kama namba moja iliyonyooka, muulize alichukua tanuri gani.

#5 Bwana Miti

Nimefanya kazi ya misitu hadi kustaafu, niongeze mambo mawili.

La kwanza ni marekebisho kwa #1. Makadirio ya 2009 na sensa ya 2022 ni vitu vya nyakati mbili tofauti. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, na ripoti ile ilitangulia hata sensa hiyo. Ukitaka kilo za mkaa kwa kila kichwa, usichukue mkaa wa zamani ukaugawa kwa watu wa leo.

La pili linahusu #4. Tanuri lenye bomba la kutolea moshi, wanaloliita Kasamansi, kwa kuni zilizokauka vizuri na mchomaji anayejua kazi yake, linafika asilimia 25 na kuendelea. Kwa kiwango hicho kuni zinashuka hadi tani milioni 2. Halafu wengi wanasahau kwamba tanuri bovu, mbali na kula kuni nyingi, linatoa methani nyingi, gesi inayoongeza joto duniani. Sehemu kubwa ya madhara imeshatokea kabla mkaa haujaonja barabara ya lami. Ukimpimia mlaji wa Dar moshi wa jiko lake tu, hayo yote yamekupita.

#6 Dereva wa Fuso

Nyie wasomi mnasema tani. Mimi nimebeba huu mzigo, hakuna anayeuza kwa tani. Ni gunia, na gunia ni lumbesa: limejazwa, likaongezewa kichwa cha matawi na kamba juu. Gunia la Mkuranga na gunia la Handeni hayalingani hata kidogo. Kuna la kubebwa na mtu mmoja, kuna la kuita wawili.

Halafu hati ya kusafirishia inaandika idadi ya magunia, haiandiki uzito. Na magari yenye hati ni sehemu tu. Bodaboda zinaingia usiku na magunia matatu matatu kwa njia za panya, baiskeli nazo zipo. Ukisimama kizuizini ukahesabu, unahesabu waaminifu.

#7 Mzee wa Vipimo

Dereva, umegusa penyewe. Ripoti ileile ya 2009 ilisema serikali inakosa mapato ya takriban dola milioni 100 kwa mwaka kwa sababu biashara kubwa ya mkaa iko nje ya vibali. Ndiyo maana nasema tupimie mwisho wa safari, jikoni. Njia za panya ni mia, lakini zote zinaishia kwenye jiko. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inafanya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, kama ule wa Bara wa 2017/18. Dodoso linauliza kaya inapikia nini na inatumia fedha kiasi gani. Liongezewe swali la uzito, na mzani mdogo mkononi.

Binti Kilosa, hoja yako sijaikwepa, nitairudia.

#8 Mama Lishe Buguruni

Salamu zenu. Nawasoma mnavyosema "mlaji wa Dar" kama vile anapenda moshi.

Mkaa nanunua kwa kopo, kwa debe, kwa kiroba, kulingana na nilichouza leo. Gesi inataka hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Ikikata saa tano asubuhi maharage yako jikoni na wateja wanafika saa sita, nafanyaje? Nina mtungi, nautumia kwa chai na mayai. Maharage, makande na nyama ya kongoro ni mkaa.

Mkitaka kunipima nipimeni, lakini andikeni pia na sababu.

#9 Hesabu Kwanza

Mama, sababu yako imo hata kwenye takwimu. Ripoti iliyotajwa #1 ilionyesha kaya za Dar zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007, na gesi ikashuka kutoka 43 hadi 12. Ndani ya miaka sita watu waliokuwa wameshahama wakarudi kwenye mkaa. Tabia ya watu haigeuki hivyo kwa miaka sita. Iliyogeuka ni bei.

#10 Ufuta na Korosho

Naona wote mmeng'ang'ania mkaa. Niwatoe huko.

Serikali imekuwa ikitaja upotevu wa msitu wa hekta 469,420 kwa mwaka nchini. Tafiti za ukataji miti Tanzania zinarudia jambo moja: sababu kuu ni kilimo, mkaa unafuata nyuma. Huku kwetu Lindi mtu anafyeka msitu kwa ajili ya ufuta. Miti iliyoanguka, badala ya kuichoma bure, anachoma mkaa na kuuza. Sasa huo mkaa ni unyayo wa Dar au ni mabaki ya shamba? Shamba lingefunguliwa hata kama Dar ingepikia jua.

Na ufuta wenyewe hauliwi Dar, unapakiwa meli kwenda Asia. Kwa kanuni ya #1, hekta hiyo iandikwe kwa walaji wa huko, Lindi isilaumiwe na Dar isilaumiwe. Mko tayari kwenda hadi huko?

#11 Bwana Miti

Mkulima wa Ufuta ana hoja, lakini asifunge mlango. Kuna utafiti uliochapishwa 2010 uliofuatilia misitu kutoka Dar kwenda nje kati ya 1991 na 2005. Ulikuta uharibifu unasogea kama mawimbi kutoka mjini, hadi kilomita 9 kwa mwaka. Wimbi la mbele ni la mbao za thamani, mninga, mvule na wenzake. Nyuma yake mbao za bei ya kati. La mwisho, karibu na mji, ni mkaa. Kama kilimo kingekuwa kila kitu, uharibifu usingepangika kwa umbali kutoka soko moja. Nendeni Pugu na Kazimzumbwi mkaone mlango wa jiji ulivyo.

#12 Ufuta na Korosho

Mkuu Bwana Miti, mawimbi hayo ni ya misitu ya jirani na Dar hadi 2005. Njoo Nachingwea na Liwale leo utazame nani ameshika panga na anapanda nini. Mimi nabaki palepale.

#13 Mwanatakwimu

Habari zenu. Nimechelewa kidogo, ila nina jambo ambalo halijasemwa.

Miji mingi duniani inahesabu gesijoto zake kwa mwongozo uliotolewa 2014 na WRI, C40 na ICLEI, mashirika ya kimataifa ya mazingira na miji. Kwa mwongozo huo, hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma kuni na mkaa huandikwa pembeni, haijumlishwi kwenye jumla ya mji. Mantiki ni kwamba mti utaota tena na kuinyonya, au kama hautaota, hasara itaandikwa kwenye hesabu ya ardhi ya mahali ulipokatwa. Sasa angalieni kinachotokea Dar. Jikoni mkaa umeandikwa pembeni. Msitu uliokatwa uko Pwani na Morogoro, hesabu yake iko huko. Kinachobaki kwenye jumla ya jiji ni methani kidogo na gesi nyingine za jiko. Mji unaotumia nusu ya mkaa wa nchi, kwenye karatasi mkaa wake karibu haupo.

Mwongozo wenyewe haujakosea, ulitungwa kuzuia kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili. Lakini waziri akishika karatasi hiyo, ataona magari, umeme na taka. Atapanga sera ya magari, umeme na taka. Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono kwa nguvu zote: tunahitaji daftari la pili, la matumizi, likae pembeni ya lile la eneo. Moja lisifute jingine.

#14 Mzee wa Vipimo

Mwanatakwimu, ahsante sana. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta maneno.

Kwa wasioijua asili yake: wazo la unyayo lilitokana na kazi ya William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Rees aliligeuza swali. Watu walikuwa wanauliza ardhi hii inabeba watu wangapi, yeye akauliza watu hawa wanahitaji ardhi kiasi gani, popote ilipo. Mji ukiwekewa swali hilo, mpaka wake halisi unaenda mbali sana kupita ramani ya manispaa.

#15 Binti Kilosa

Mzee, uliahidi utarudi kwangu. Nimekaa nasubiri na kahawa imepoa.

#16 Mzee wa Vipimo

Narudi sasa, usinune!

Hoja yako ni kweli kwamba mti unaochipua si sawa na mti uliokufa. Utafiti wa dunia uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba kuni zilizovunwa kupita uwezo wa msitu kuzirudisha, kwa nchi za kitropiki, ni asilimia 27 hadi 34 tu. Sehemu kubwa ilikuwa ndani ya uwezo. Lakini huo ni wastani wa nchi zote hizo, na Afrika Mashariki ilitajwa miongoni mwa maeneo yenye hali mbaya zaidi. Kwa hiyo gunia la Kilosa lenye mpango liandikwe karibu na sifuri, na gunia lisilojulikana lilikotoka liandikwe kwa kiwango kibaya kabisa. Hapo mnunuzi wa Dar atakuwa na sababu ya kuuliza mkaa wake umetoka wapi.

#17 Dereva wa Fuso

Mzee, siku ukitangaza gunia la Kilosa ni sifuri, kesho yake magunia yote Tanzania yamezaliwa Kilosa. Muhuri unachongwa, hati inapatikana. Nakwambia kwa heshima.

#18 Jirani wa Eastlands

Wadau wa Bongo, nawasalimu kutoka Nairobi. Hii hadithi sisi tumeipitia.

Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku mkaa na mchanga kutoka kaunti yake ya Kitui. Februari mwaka huohuo serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti misitu ya umma na ya jamii, na agizo hilo likaondolewa Julai 2023. Je, Nairobi iliacha kuchoma nyama? Mkaa ulizidi kuingia kutoka Uganda. Mei 2023 Rais Museveni naye akatoa amri ya kuzuia mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, kule Acholi na majirani zake. Ukipima kwa eneo, Kitui imefanya vizuri, hongera. Ukipima kwa matumizi, Nairobi ilibadilisha tu msitu wa kula.

Kwa hivyo naunga mkono #1 lakini naongeza: daftari la matumizi lisiishie mpakani.

#19 Mswahili wa Muscat

Jirani amenena. Na mpaka wenyewe unavuka bahari. Mkaa wa Somalia ulikuwa unaletwa huku Ghuba kwa majahazi, kwa shisha na kuchomea nyama, maana mkaa wa mgunga ni mzito na unakaa. Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2012, azimio 2036, kwa sababu fedha zilikuwa zinawafikia al-Shabaab. Watu wanakumbuka vita, hawakumbuki kwamba soko lilikuwa mezani kwa mtu anayekula mishkaki mji mwingine kabisa. Jangwa la Somalia limepanuka, na hesabu za Ghuba hazina hata mti mmoja.

#20 Mtoto wa Goma

Bandugu, mie niko Goma. Huku makala, yaani mkaa, inatoka Virunga, mbuga ya tangu 1925. Mwaka 2007 sokwe wa milimani waliuawa, na uchunguzi uliwaelekea watu wa biashara ya makala. Wageni walilia sokwe, ila moto ulikuwa unawaka kwenye nyumba zetu wenyewe Goma, mji uliokuwa umejaa wakimbizi wa vita na haukuwa na njia nyingine ya kupika. Mtambo wa umeme wa Matebe ulianza 2015, kuna mitaa imepata umeme. Lakini umeme wa taa na umeme wa kupikia ni bei mbili tofauti. Mama Lishe ya #8, tuko pamoja.

#21 Mpemba Halisi

Nimewasoma wote. Mbona hakuna aliyegusa mchanga? Nyumba zote zinazopanda Dar zimejengwa kwa mchanga wa mto gani? Visiwani tulifika mahali serikali ikashika uchimbaji wa mchanga yenyewe kwa kuwa ulikuwa unaisha. Mti utachipua, shimo la mchanga halichipui.

#22 Fundi Bomba

Na maji! Dar inakunywa mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196, na maji hayo yanaanzia milima ya Uluguru, Morogoro. Mwishoni mwa 2022 mto uliposhuka mji mzima uliingia mgao. Siku zile kila mtu wa Dar alijua Uluguru iko wapi.

Kinachonikera ni kwamba wakulima wa juu wanaambiwa wasilime kingo za mto ili Dar ipate maji. Sawa. Wanalipwa nini? Bili yangu ya maji haina senti inayorudi kwa mtu anayetunza chanzo Uluguru kwa jina lake. Hapo ndipo daftari la matumizi lina maana kwangu.

#23 Hesabu Kwanza

Fundi, na hayo ni ya bomba tu. Yapo yaliyojificha ndani ya chakula. Arjen Hoekstra, Mholanzi, ndiye aliyeanzisha unyayo wa maji mwaka 2002. Kwa wastani wa dunia kilo moja ya mchele ina maji ya lita 2,500 hivi. Mchele wa Dar unatoka Mbeya, Kilombero na kwingineko. Wali wa mji huu una mto mwingine ndani yake.

Ila tahadhari. Lita 2,500 za mvua iliyonyesha bondeni si sawa na lita 2,500 zilizochepushwa kutoka mto ambao chini yake kuna watu wanasubiri. Wanaojumlisha tu lita wanatisha watu bila kuwaelekeza.

#24 Mtoto wa Tandale

Nilikuja kusoma kuhusu mkaa, sasa hivi naogopa hata kula wali. Mkifika kwenye bia mnistue.

#25 Mwanatakwimu

Mpemba na Fundi wametupeleka kwenye swali kubwa: tupime vitu vingapi? Umoja wa Ulaya, kupitia kituo chake cha utafiti, JRC, una kipimo cha matumizi chenye maeneo matano: chakula, usafiri, makazi, bidhaa za nyumbani na vifaa vya umeme. Kila eneo linapimwa kwa madhara 16, kuanzia tabianchi hadi maji, ardhi na sumu. Huko chakula ndicho kinachoongoza kwa madhara mengi.

Lakini hatuwezi kukinakili. Orodha yao ya vifaa vya umeme ina mashine za kuosha vyombo, haina jiko la mkaa. Wao wana takwimu za kila bidhaa, sisi tuna lumbesa. Napendekeza Dar ianze na vinne: mkaa, maji, chakula cha nafaka, na mchanga. Basi.

#26 Binti Kilosa

Naongeza cha tano: ndani ya Dar nani anatumia? Mnasema "Dar" kama mtu mmoja. Mkaa wa Mbagala unaonekana kwa macho, una vumbi, unalaumika. Mtu wa Masaki anapikia gesi, ana viyoyozi na magari mawili, ardhi aliyoijengea ni ya familia kumi. Ukipima mkaa peke yake yeye anatoka msafi kuliko Mama Lishe. Sera itakayotoka hapo itamkamua maskini.

#27 Mama Lishe Buguruni

Binti, Mungu akubariki.

#28 Ufuta na Korosho

Na gesi nayo mbona inapita bure? Mtungi wa gesi umeletwa kwa meli kutoka nje, ni mafuta ya ardhini. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa ziache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024. Sipingi, mapafu ya mama zetu yana thamani. Ila kwenye daftari la mleta mada unyayo haujafutika, umehamia kwenye visima vya nchi nyingine.

#29 Bwana Miti

Umehamia na umepungua sana, tuseme yote. Mkaa wa tanuri bovu, ukijumlisha methani ya tanuri, mti usiorudi na jiko linalopoteza joto, gesi inaushinda kwa mbali. Mkaa wa kitalu cha Binti Kilosa, hapo mjadala unakuwa mgumu, na mimi ningeuchagua mkaa huo kwa sababu unampa mwanakijiji sababu ya kutolima huo msitu. Msitu usio na bei unageuka shamba la mahindi. Nimeliona hilo kazini miaka yote.

Marufuku tumejaribu. Ya 2006 bei ilipaa, wachomaji wakaendelea usiku, na haikudumu.

#30 Mzee wa Vipimo

Basi nitamke ninachotaka kwa lugha ya sera. Tozo ikusanywe Dar, kwa mnunuzi, ndogo, na irudi wilaya ulikotoka mkaa na maji, kwa mfuko unaoonekana. Leo anayelipa mrabaha ni mchomaji na msafirishaji mwenye kibali, yaani yule mwaminifu wa #6.

#31 Dereva wa Fuso

Mzee, tozo ya Dar itakusanywa wapi? Mkaa unashushwa uchochoroni alfajiri. Na Mama Lishe ananunua kopo, utamkata shilingi ngapi kwenye kopo?

#32 Fundi Bomba

Kwa mkaa sijui mtaifanyaje, lakini kwa maji inawezekana kesho asubuhi, mita zipo. Anzeni na kilicho na mita.

#33 Hesabu Kwanza

Fundi yuko sahihi kwa maji. Kwa mkaa tuanze na mzani. Dereva, nisaidie: tukipima uzito kwenye masoko makubwa kwa kuchagua magunia bila mpango, je, mtu anaweza kujua kwa kuangalia tu umetoka upande gani?

#34 Dereva wa Fuso

Mzoefu anajua. Mkaa wa miombo kutoka mbali ni mzito, ukigonga unalia kama chuma. Wa karibu, Kisarawe na Mkuranga, siku hizi mwingi ni mwembe na mkorosho, mwepesi, unawaka haraka na kuisha haraka. Watu wamekata mikorosho yao ya zamani mashambani kwa sababu msitu wa kukata hakuna tena.

#35 Ufuta na Korosho

Hapo sasa! Mkorosho aliopanda babu yangu, nikaukata mwenyewe nikauza mkaa Mbagala. Hilo gunia mnaliandika msitu wa nani?

#36 Mwanatakwimu

Msitu halipunguzi, korosho linapunguza. Mimi ningeliandika kwa Mbagala, kwenye safu ya chakula.

#37 Ufuta na Korosho

Na mimi ningeliandika kwangu, kwa sababu niliukata ulipokuwa hauzai tena, na nimepanda mwingine palepale.